Mama Mukwe wa Etaji ya Juu

Mtu akikuambia Pulchérie ana kiburi, mwulize kwanza yeye mwenyewe alilala wapi mvua iliponyesha juzi. Halafu njoo uniambie mimi, Félicité, fundi wa cherehani, pale kwenye veranda ya etaji ya Henri, nyumba yake ya ghorofa, katikati ya mji wa Baraka. Nipo kila siku isipokuwa Jumapili. Nina mkasi mkononi na sina haraka.

Nasema hivi kwa sababu mji mzima ulimsema. Sokoni walimsema, kanisani walimsema, hata bamama wa ndagala, wale wauza dagaa, ambao amewabebea mizigo yao bure miaka na miaka walimsema, eti mjane mzima amepanda kukaa juu ya kichwa cha mukwe wake. Mimi nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na maneno mengine yalipita kinywani mwangu mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza, na atakayenikatiza atajishonea nguo zake. Na usinisahihishe Kiswahili. Changu ni nusu cha Baraka, nusu cha kambini Tanzania, na vyote viwili nimevihangaikia.

Huko kambini ndiko nilikomjua Pulchérie. Alivuka ziwa na mume wake, na binti yao Aline mgongoni, wakati vita vilipotukimbiza sisi wote. Miaka kumi na moja tulikaa chini ya shitingi. Wewe usiyeijua shitingi, ni plastiki ya msaada: jua likiwaka unaiva, mvua ikinyesha husikii hata mawazo yako. Pulchérie alipanga mawe mbele ya hema lake, akafagia udongo mpaka ukawa mgumu kama sahani, na mtu akiingia na viatu anafukuzwa. Tulimcheka. "Mama Aline, unafagia hema ya bazungu?" Anajibu, "Ninafagia mahali ninalala."

Tuliporudi, mume wake hakumaliza miaka miwili. Kaburi halijaota hata jani, mashemeji wakafika wakachukua nyumba ya Kilembwe na shamba la muhogo. Akashuka Baraka na Aline na sufuria moja. Akapanga nyumba ya udongo karibu na ziwa. Ziwa likapanda, likaingia ndani bila hodi. Akahama. Nyumba iliyofuata, mwenye nyumba aliuza parseli, yaani kiwanja chote, na wapangaji wakiwa ndani, kama mtu anayeuza mbuzi pamoja na kupe wake. Akahama. Yeye mwenyewe huhesabu: mara saba ameambiwa ondoka, na mara saba ameondoka.

Na katikati ya kuhama huko alikuwa anafanya kazi. Ananunua ndagala hapa, anapanda juu ya lori la Fuso, anapita Fizi, anakwenda kuziuza Kilembwe, mji uleule walikomfukuza. Njia ikiwa tope, siku mbili juu ya magunia. Anarudi na maharage na karanga. Kwa ndagala hizo Aline alisoma mpaka akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, akaolewa Uvira na Wilfried, kijana wa lojistiki katika ONG moja, shirika la misaada. Mahari ilitolewa vizuri, hakuna aliyelalamika. Basi mama akabaki peke yake, na ziwa likapanda tena.

Ndipo Henri akamaliza kujenga etaji yake.

Huu mtaa vijana wameupa jina la Dubai. Usicheke, njoo uone. Kuna duka la simu lenye vioo, kuna mahali wanauza kahawa ya mashine, kuna nganda, yaani baa, ambako mishikaki inaletwa na mtu aliyevaa shati jeupe. Jumapili wanafunzi wanakuja kupiga picha mbele ya ukuta wa Henri, kisha wanawatumia ndugu zao Bujumbura waonekane na wao wamefika. Apartema nne: mbili chini, mbili juu. Karo, yaani vigae, mpaka kwenye dushi la kuogea, maji ya tanki, pano za sola, jikoni ndani ya nyumba, na balkoni ambayo ukisimama unaona ziwa lote. Mimi nilipewa kona ya veranda, na chumba kidogo nyuma yake chenye ua, kwa sababu nilimshonea mke wake Henri nguo ya kuvaa harusini kwa dada yake, naye akanenepa katikati ya kazi nami sikusema neno.

Pulchérie alikuja asubuhi moja, kitenge kimefungwa vizuri, akamkuta Henri anamkaripia fundi wa rangi.

"Nataka ile ya juu," akasema, "ile inatazama ziwa."

Henri alitabasamu kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mama Aline, hii nyumba ni ya batu ba ONG. Ni apartema. Iko na karo kila mahali."

"Karo naziona. Miguu yangu iko na shida gani?"

"Si miguu, mama. Ni ndagala."

"Batu ba ONG habakule ndagala?"

"Banakula, lakini habauzishe."

"Na nani alikuambia mi nauzisha ndani ya chumba? Niko na depo yangu ku soko. Sema masharti yako yote, sasa hivi, usiniongezee ingine kesho."

Henri akasema. Asianike samaki kwenye balkoni. Asiwashe mbabula, jiko la makaa, ndani. Asitwange sombe, majani ya muhogo, huko juu, karo zitapasuka. Asilete ukoo mzima. Pulchérie alikuwa anaitikia kila sharti kwa kichwa kama mtu anayepokea mizigo. Alitoa garanti, pesa za dhamana ya nyumba, yote pale pale. Henri akaleta kontra, mkataba wa mwaka mmoja, na kile kidude cha wino cha kuwekea kidole. Pulchérie akakisukuma pembeni, akachomoa kalamu mfukoni mwa Henri, akaandika majina yake matatu kwa herufi nzuri kuliko za mwenye nyumba. Mimi nilikuwa napinda suruali ya mtu; niliupinda mguu mmoja mara mbili kwa furaha.

Siku ya kwanza alifungua dushi akasimama chini yake na nguo zote. Nilimwuliza kama amepata wazimu.

"Félicité," akasema, maji yanamtiririka usoni, "maji yamenikuta nyumbani kwangu. Sikuyafuata."

Alilia, nikalia, kisha tukapangusa sakafu. Sombe alikuwa anatwanga chini uani kwangu, anapandisha na sufuria, hakuvunja hata sharti moja. Wiki tatu nzima alikuwa mtu wa raha. Anarudi kutoka sokoni, anaoga, anakaa kwenye balkoni na chai, na akipita mtu barabarani anayemjua anamsalimia kutoka juu kwa sauti. Hapo ndipo wengine walipoanza kusema ana kiburi. Mtu akikaa vizuri kwetu, kwanza anahesabiwa kosa.

Wiki ya nne, gari jeupe la ofisi likasimama mbele ya cherehani yangu, limepakia magodoro na viti. Akashuka kijana mrefu, mpole, kalamu mfukoni. Akainua macho atazame pano za sola. Juu, kwenye balkoni, mama mukwe wake alikuwa anaanika shuka.

Mama yangu! Wilfried aliruka nyuma ya gari kama amerushiwa jiwe. Pulchérie akavuta shuka ile mbichi akajifunika kichwa, akarudi ndani kinyumenyume, akagonga mlango kwa mgongo. Na Aline, ambaye ndiyo kwanza anashuka na mtoto wake Gentille mgongoni, akabaki katikati, mkono mdomoni, hajui acheke au alie.

Kwa asiyetujua, nieleze. Kwetu mama mukwe na mukwe hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina. Wakiwa na neno la kuambiana, wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima, na wengine wanasema ni heshima kubwa kuliko zote. Gentille alipozaliwa Uvira, Pulchérie alikwenda kumpokea, lakini alilala kwa jirani na kuoga kwa jirani. Sasa mtu wa namna hiyo anatembea juu ya kichwa cha mukwe wake! Anajigeuza juu ya kitanda chake! Maji ya dushi yake yanashuka ndani ya ukuta wake!

Utauliza iliwezekanaje wasijue. Ni hiyo hiyo adabu iliyowaponza. Apartema ya chini ya ile ya Pulchérie ilipangwa na ofisi ya Wilfried, kwa jina la ofisi, na Henri hakujua nani ataletwa. Aline alimwambia mume wake, "Mama amehama," na mwanamume mwenye heshima haulizi mama mukwe wake amehamia wapi. Aline alimwambia mama yake, "Ofisi inatuleta Baraka," na mwanamke mwenye heshima haulizi mukwe wake atalala nyumba gani. Aline mwenyewe hakujua ni nyumba ipi mpaka gari liliposimama. Watu wasio na adabu wangeulizana na mambo yangeishia kwenye simu.

Basi mimi nikawa polisi wa barabarani. Wilfried kabla hajatoka anakohoa mara mbili nyuma ya mlango, nami nainua macho, balkoni ikiwa tupu nasema, "Pita." Pulchérie kabla hajashuka ngazi anaita, "Félicité!" nami nachungulia chini. Siku nyingine wote wawili wananiita kwa pamoja na mteja wangu amesimama na nguo nusu. Kijana aliteseka, sitamnyima haki yake. Alihamisha kitanda kutoka chumbani, kwa kuwa juu ya chumba kuna chumba. Akakiweka saloni, yaani sebuleni; juu ya saloni kuna saloni. Akakisukuma jikoni, akakuta juu ya jikoni kuna dushi. Mwisho akawa analala ofisini kwenye kiti, na Aline anabaki peke yake na mtoto, macho mekundu. Aline naye hakupanda kwa mama yake hata ngazi moja. Aliogopa mume atasema amechagua upande. Mama na binti walikuwa wanakutania kwangu, kati ya vitambaa, wanashikana mikono bila maneno mengi.

Mji ukanusa. Bamama wakawa wananiletea vifungo visivyohitaji kushonwa ili wasikie. Pasta akahubiri juu ya watu wanaopenda mahali pa juu. Na Henri, ambaye ONG nyingine ilikuwa imemwambia inataka apartema zote mbili za juu, akageuka ghafla kuwa mtetezi wa mila. "Mama Aline," anasema kila asubuhi, "mi ninaogopa laana ndani ya nyumba yangu." Laana! Mtu aliyemwaga saruji juu ya kaburi la mbwa wa jirani.

Na nani alimpigia simu mzee Jacques, baba mdogo wake Wilfried, huko Fizi? Sitaji jina, lakini ana etaji.

Mzee Jacques alikuwa direktere wa shule, na hajaacha kuwa direktere. Alishuka kwa moto, yaani pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kofia na sakosi, mkoba wake wa ngozi. Akaamuru mkutano Jumamosi saa nne, kwenye chumba changu cha kazi, kwa kuwa hakiko juu wala hakiko kwa Wilfried.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, na hili nalisema ingawa linaniaibisha, hata mimi nilimshauri. Nilimwambia, "Mama Aline, shuka tu. Amani ni bora. Tutakutafutia nyumba nzuri." Alinitazama, akachukua kinu chake uani kwangu, akaenda nacho kwake. Hakunisemesha mpaka kesho yake. Mtu niliyelala naye chini ya plastiki moja, nami ndiye niliyemwambia mara ya nane ondoka! Naona haya mpaka leo.

Tukakaa. Mzee Jacques kwenye kiti kizuri. Henri mlangoni na bahasha mkononi. Aline juu ya gunia la vipande vya vitambaa, mtoto anamnyonya. Wilfried nje kwenye veranda, ametugeuzia mgongo, pazia kati yake na sisi. Pulchérie akaingia mwisho, akakaa chini kwenye mkeka, kitenge kichwani, mikono magotini.

"Mama," mzee Jacques akaanza, "mimi nimefundisha miaka thelathini na nne. Mwacha mila ni mtumwa. Mama mukwe ni mtu mkubwa, lakini hakai juu ya kichwa cha mukwe. Mtoto wetu halali. Ndoa inataka kuvunjika. Henri, mtu mwema, anakurudishia garanti yote. Kuna nyumba kule ng'ambo ya soko, ya miti na udongo, nzuri sana. Shuka, mama, na jina lako litabaki safi."

 Cherehani yangu ikasikika inakwenda; nilikuwa nimesahau mguu wangu unakanyaga.

"Mzee, umemaliza?" Pulchérie akauliza.

"Nimemaliza."

"Bon. Niliambiwa toka na bunduki, nikatoka. Niliambiwa toka na ziwa, nikatoka. Bashemeji bangu banalia machozi mukono moja, mukono ingine banatoa sufuria zangu inje, banasema toka, nikatoka. Mwenye kuuza parseli, toka. Kila mara iko mutu na sababu yake ya muzuri, na kila mara ni mi njo napakia. Hakuna siku moja batu balikaa hivi, na kiti na kofia, banauliza: na huyu mama, ataenda wapi? Leo munaniletea mila. Mila naipenda kuliko we. Mi nilivaa shuka mubichi ku kichwa juu ya mila. Sasa nikuulize na mi, direktere. Mukwe akikutana na mama mukwe wake mu njia, njia ya mwembamba, nani anaingia mu nyasi?"

Mzee Jacques akagusa kofia. "Hiyo ni jambo ingine."

"Nani anaingia mu nyasi?"

"Ni mukwe."

"Mama mukwe anaingia?"

"Hapana. Haijawahi."

"Basi Baraka iko na nyasi mingi."

Nilicheka kabla ya kujizuia. Henri hakucheka. Mzee Jacques akainua kidole kile cha darasani. "Mama, njia ni njia, kichwa ni kichwa!"

"Tuseme kichwa. Mi niko juu tangu mwezi ya tano. Kichwa yake ilikuwa Uvira. Ni nani alileta kichwa akaiweka chini yangu? Ni mi nilimufuata? Kama kosa ya bukwe iko, na we mwenyewe njo unasema iko, basi iko ku upande yenu, na kosa ya bukwe inalipwa na mbuzi, inaletwa kwa mama mukwe. Mzee, ulikuja na moto toka Fizi. Mbuzi iko wapi? Sikuona ata kamba."

Hapo hata Aline aliinamisha uso kwenye kichwa cha mtoto, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mzee Jacques akafungua sakosi yake, akaangalia ndani, akaifunga. Alikuwa amekuja kuishika mila mkononi, na sasa inamgeukia, na hawezi kuiachia kwa sababu ni yake. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Henri akajipenyeza. "Mama, tusifike mbali. Garanti yako hii hapa, yote."

"Rudisha mu mufuko, itaoza na jasho," akasema Pulchérie bila kumtazama. "Kontra ni ya mwaka moja. Nilivunja sharti gani? Nilianika nini? Nilitwanga wapi?"

Henri akaikunja bahasha, akairudisha mfukoni. 

Nyuma ya pazia Wilfried akakohoa. "Mama Félicité," akaniita, mgongo umetugeukia bado, "umwambie mama mi sikuomba atoke. Na baba mudogo sikumwita mi. Umwambie yeye alikuwa wa kwanza mu njia. Mi njo nitatoka. Ofisi itatafuta nyumba ingine."

Nikamgeukia Pulchérie, ambaye alikuwa hatua nne na alisikia kila neno, nikarudia lote kama lilivyo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

"Umwambie mukwe wangu aksanti," akasema. "Umwambie ye ni mutoto wa batu."

Nikarudia na hilo. Mzee Jacques alikunywa soda mbili na kupanda moto. Aliniachia suruali yake nimpunguzie kiuno.

Ungeona ni mwisho mwema, na mimi nilidhani hivyo. Lakini siku ya tano gari jeupe likarudi kupakia, na Aline, ambaye siku zote hizo alikuwa kimya, akatupa ufagio, akamfunga Gentille mgongoni, akapanda zile ngazi kwa mara ya kwanza, mbili mbili. Mimi nikamfuata ili kuwaamua. Sawa, nikamfuata ili kusikia.

Pulchérie alikuwa amesimama saloni kama mtu aliyejua atajiwa.

"Mama, batu banasema nini, unajua?" Aline akaanza. "Banasema ulichagua karo kuliko mutoto wako! Miaka sita niko Uvira ninalia juu yako. Mungu ananileta, naishi chini yako, nasikia miguu yako asubuhi, na ni we unanifukuza! Ungeshuka! Ulishuka mara saba, ya nane ingekuua?"

"Ukae."

"Sikae!"

"Basi simama usikie." Pulchérie hakupaza sauti. "Siku ile bajomba... apana, si bajomba, baba bako badogo, siku banatutoa Kilembwe, we ulikuwa unanishika kitenge ukaniuliza, 'Mama, tunaenda kwenu?' Unakumbuka? Mi nakumbuka. Mama yangu alikuwa angali kule kambini, ng'ambo ya ziwa, chini ya shitingi. Sikukuwa na kwetu, Aline. Na muke asiye na kwao anajibu ndiyo. Banasema toka, ndiyo. Banasema nyamaza, ndiyo. Mi nilisema ndiyo mupaka ulimi ikanichoka. Wilfried ni mutu muzuri, Mungu amulinde. Lakini ata mutu muzuri anakuwaga muzuri zaidi kama anajua muke wake iko na kwao. Ningeshuka, ungebaki na bwana yako hapo chini, ndiyo, na karibu yangu. Na siku moja, Mungu apishe mbali, ukifukuzwa na we, ungekuja wapi? Mu nyumba ya miti ya mutu, ye pia anangoja kuniambia toka?"

 Machozi yalikuwa yanamshuka Aline na hakuyafuta. Mimi nilitazama ziwa, kwa kuwa kuna mambo hata mdaku hatazami.

"Na kwetu ni wapi?" akauliza mwisho, kwa sauti ndogo sana.

Pulchérie akafungua mlango wa chumba cha kati. Kitanda kimetandikwa, chandarua kimeshushwa, na ukutani, ndani ya fremu, ile diploma ya Serikali ambayo Aline alidhani imeozea kwenye maji ya ziwa. Nilikuwa naingia nyumba ile kila siku na sikuwahi kuona mlango huo wazi.

"Kiko cha nani?" Aline akasema.

"Cha kwako. Tangu siku niliandika jina ku kontra."

Akaingia na viatu vyake, na mama yake, yule wa kufukuza watu kwenye udongo wa hema, hakusema kitu. Akamfungua mtoto, akamlaza upande wa ukuta, akajilaza na yeye. Wiki ngapi hakuwa amelala? Kabla sijamaliza kuchomekea chandarua alikuwa ameshazama usingizini.

Chini honi ikalia. Nikashuka na magoti yangu haya. Wilfried alikuwa kando ya gari, ameipa balkoni mgongo, kila kitu kimefungwa kamba.

"Mama Félicité, umwambie Aline gari imejaa."

Nikapanda. Pulchérie alikuwa amevuta kiti, amekaa mbele ya mlango wa kile chumba, miguu ameikita juu ya karo zake.

"Anasema gari imejaa," nikamwambia.

"Umwambie mukwe wangu, muke wake analala kwao. Angoje."

Nikashuka, nikamwambia vile vile, sikuongeza, sikupunguza.  Wilfried akafungua kamba, akashusha kiti kimoja kutoka juu ya mizigo, akakiweka kivulini, mgongo kwa balkoni, akakaa. Dereva akamwuliza watangoja mpaka saa ngapi.

"Mupaka ataamuka," akasema.